Meli ya Kale na Vijiti vya Mama

Nilipoiona ile picha nilikaa chini, juu ya rundo la maranda, bila kujali suruali. Mwalimu aliyekuwa akinionyesha alidhani nimeugua. Aliifunika kompyuta yake, akaniuliza kama nina presha. Nikamwambia sina. Nikamwomba aifunue tena.

Alikuwa mwalimu wa chuo hapa Iringa, mzaliwa wa huku huku, aliyekwenda ng'ambo kusomea meli zilizozama. Siku ya kwanza alipojieleza nilicheka mbele yake, tena kwa sauti. Mtu wa Iringa na meli, wapi na wapi? Sisi maji mengi tunayoyajua ni ya bwawa la Mtera, na hata hayo tunayatazama dirishani tukienda Dodoma. Lakini yeye alikuwa amekaa miezi mingi katika bandari moja ndogo ya Bahari ya Mediterania, akijitolea, pamoja na watu waliokuwa wakijenga upya meli ya mizigo ya kale. Ile yenyewe ilikutwa chini ya bahari, imelala ubavu na mitungi yake ya mvinyo na mawe yake ya kusagia. Wao walikuwa wanatengeneza pacha wake, mbao kwa mbao, ili waone kama kweli ingekwenda.

Alichotaka kwangu ni kipande tu: sehemu ya ubavu wa meli, urefu wa mita mbili, uliounganishwa kama watu wale walivyounganisha. Wanafunzi wake, alisema, akiwachorea ubaoni wanaandika tu na kusahau. Alitaka washike. Na mimi nina karakana, nina mashine ya kupasua na ya kuranda, na nusu ya mabenchi ya kanisa letu yametoka mikononi mwangu. Nikamwambia, mwalimu, wiki mbili, njoo na gari uchukue. Mimi ni mtu wa kuahidi kwanza na kufikiri baadaye. Mke wangu ameshazoea.

Ndipo akanionyesha picha. Ilikuwa ya ubavu wa meli ile ya kale, umekatwa ili ndani kuonekane. Mbao mbili zilikaa moja juu ya nyingine, ukingo kwa ukingo. Katikati ulipita ulimi mwembamba wa mti mgumu, nusu umezama kwenye ubao wa chini, nusu kwenye wa juu. Vigingi viwili vya mviringo vilikuwa vimetoboa mbao pamoja na ulimi, kimoja chini, kimoja juu, vikafunga kila kitu mahali pake. Hapakuwa na msumari wala gundi. Mwalimu alisema ubavu mzima umejaa ndimi za namna hiyo, kila baada ya shubiri moja au pungufu.

Mimi muungo huo nilikuwa nimeshauona. Niliuona Uyole, miaka mitatu nyuma, siku ya kumzika mama yangu. Na aliyeukata ukaonekana ni mimi, kwa msumeno wa chenso.

Baba yangu ni seremala. Alinifundisha kazi katika kibanda chake pale Uyole, nyuma ya soko, malori ya Tunduma yakiunguruma barabarani mchana kutwa. Mambo mawili hakuwa na mzaha nayo. La kwanza, patasi haiachwi chini. La pili, tepu hainyooshwi kwenye mwili wa mtu aliye hai. Mteja akitaka kitanda, tunapima godoro. Akitaka kiti, tunampa kiti kingine akae, kisha tunapima kiti. Tepu ni ya marehemu, alisema, na mtu hupimwa mara moja. Utotoni niliwahi kujipima urefu ukutani kwa tepu yake. Alinichapa kwanza, kisha tepu akaianika nje ipigwe na umande. Mpaka leo katika karakana yangu sharti hilo lipo, na vijana ninaofanya nao kazi huliona ni ushamba.

Katika chumba cha nyuma nyumbani kwetu kulikuwa na kasha la mahindi. Baba alilitengeneza mwaka aliomwoa mama, katika ile miaka ya kufunga mkanda, sabuni ikiwa ya foleni na misumari haionekani dukani hata kwa dawa. Mninga wake ulitoka Chunya. Lilimeza magunia manane, na dumuzi waliogeuza mahindi ya majirani kuwa unga hawakupata pa kupenya. Mama alilifuta kwa kitambaa kila Jumamosi kama wengine wanavyofuta kabati la vyombo. Mimi nililiona kila siku ya utoto wangu, na kwa hiyo sikuliona kabisa.

Mama alifariki ghafla. Nilifika Uyole kutoka Iringa na chenso yangu, sanduku la zana, na misumari ya inchi nne, nikiwa nimepiga simu Mafinga njiani niletewe mbao nzuri za jeneza. Mbao zilikwama Igawa, lori limekata ekseli. Mazishi yalikuwa saa nane mchana, na ilipofika saa nne asubuhi sikuwa na ubao hata mmoja. Watu wamejaa chini ya turubai, wanajua mtoto wa marehemu ni fundi, wananitazama. Hasira ilinipanda. Hasira ya msiba haina adabu, hutafuta pa kutua, na yangu ilitua chumba cha nyuma. Nikamwaga mahindi kwenye mikeka, nikamwita shemeji yangu tukalitoa kasha nje, nikawasha chenso.

Fundi yeyote anajua kwamba ukikata kitu cha zamani unakaza mikono ukingojea msumari. Mnyororo ukigusa chuma hupiga ukelele na kutema cheche, na unaweza kukurukia usoni. Nilikaza mikono. Ukelele haukuja. Nilikata ubavu wa kwanza, nikakata wa pili, haukuja. Mbao zilipoachana niliona kwenye mkato vipande vidogo vyeusi vya mstatili, na pembeni yake miduara. Nilijiambia, mzee alikuwa na muda mwingi. Kisha nikachukua misumari yangu.

Baba alikuwa amesimama mlangoni tangu chenso ilipowaka. Nilipoanza kupigilia aligeuka, akaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba, na hakurudi mpaka wakati wa kuaga mwili.

Tangu siku hiyo hakushika randa tena. Nikimpigia simu tuliongea mvua na mbolea. Nilikwenda kumwona kila msimu, nikamwomba radhi mara mbili kwa mdomo wangu: baba, nisamehe kwa lile kasha. Mara zote mbili alinijibu, "Kasha ni mbao." Na kila alipojibu hivyo nilijua bado. Alikuwa anazeeka, nami nilikuwa ninaogopa jambo moja tu, kwamba atakufa huku tukiongea mbolea.

Haya yote sikumwambia mwalimu siku ile. Nilimwambia tu kwamba muungo ule niliwahi kuuona.

"Wapi, fundi?"

"Uyole."

"Uyole hii ya Mbeya?"

"Sijui nyingine."

Naye akatafuta pa kukaa. Tukawa wawili tumekaa kwenye maranda.

Ndipo akanisimulia meli zile, na nikiri kwamba nusu ya aliyosema yaliniacha mdomo wazi. Kanisani tunasomewa tangu utoto juu ya meli za ngano zilizokuwa zikienda Rumi, na dhoruba, na watu kutupa shehena baharini. Mimi miaka yote nilikuwa naziona kichwani zikiwa za chuma, zenye bomba la moshi, kama ile ya Ziwa Nyasa niliyoiona kwenye kalenda. Sikuwahi kufikiri kwamba ni kazi ya seremala. Mwalimu alisema nyingine hazikuwa kubwa hata kidogo. Ile waliyoitengeneza pacha wake ilikuwa na watu wanne tu, walijua kwa vikombe na vijiko vilivyokutwa ndani. Watu wanne, tanga moja la mraba, mitungi imepangwa tumboni, na lozi kwenye magunia. Ilikuwa meli kuukuu, imetiwa viraka mara nyingi, bado inafanya biashara kutoka bandari hadi bandari. Nikaona kabisa ni akina nani hao. Ni wenzetu wa malori ya barabarani, wenye gari bovu na mdomo mtamu.

Basi nikaanza kazi, na nikaanza vibaya. Sisi tunaoezeka nyumba tunaanza na kenchi. Ukishasimamisha kenchi, bati linafuata lenyewe. Nami nilisimamisha mbavu nne za mlingoti, yaani mkaratusi, safi, zimenyooka, ili nizivishe mbao. Mwalimu alipopita mwisho wa wiki alisimama mlangoni akicheka mpaka akafuta macho.

"Fundi, umeniezekea nyumba."

Meli ya kale, aliniambia, inakwenda kinyume. Ngozi kwanza, mbavu baadaye. Unaweka ubao juu ya ubao, ndimi na vigingi, na umbo linapanda likiwa tupu kama chungu kinapofinyangwa. Mbavu zinaingia mwishoni, kusaidia tu. Wale waliojenga pacha bandarini walikuwa wazee waliokula chumvi nyingi kwenye boti, na wote walizoea kuanza na mbavu kama mimi. Mzee mmoja, wiki ya kwanza, alikasirika akarusha nyundo yake majini. Hapakuwa na mtu hai wa kumwuliza. Walikuwa wanafundishwa na waliokufa, kwa kutazama mbao zilizooza.

Mzee yule wa nyundo nilimpenda papo hapo. Nikabomoa mbavu zangu.

Ndimi nilizichonga kwa mashine, zote sawasawa, kutoka mti uleule wa mbao zenyewe. Jioni ziliingia vizuri, nikapiga picha nikamtumia mke wangu. Asubuhi, baada ya upepo wa Iringa wa mwezi wa nane kupita karakanani, zilikuwa zinacheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Nikachonga nyingine nene zaidi, zikapasua ubao. Vigingi navyo vilikatika nikivigonga. Wiki mbili zikawa tano. Mwalimu hakulalamika, na hilo lilinichoma kuliko lawama. Alikuja siku moja akaona rundo la mbao zilizopasuka, akanisimulia tena kwa upole. Alisema pacha yule aliposhushwa majini siku ya kwanza aliingiza maji kila mahali, na watu wa bandari wakashika vichwa. Wazee wakamwacha anywe. Mbao zikavimba, zikabanana, maji yakakoma kuingia. Baadaye akakutana na bahari chafu, akapindapinda mwili mzima, na asivunjike.

"Sasa hiyo ya kuvimba," nikamwambia, "ndiyo siielewi."

"Hata mimi, fundi. Mi ni mtu wa vitabu. Yule wa Uyole aliyetengeneza ile uliyoiona, bado yupo?"

Kesho yake nikapanda basi la asubuhi kwenda Mbeya na ile picha, nimeitoa kwenye karatasi. Tulipopita Igawa nilitazama upande mwingine.

Nilimkuta baba nje ya nyumba, kwenye kigoda, akipukuchua mahindi.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Huko mvua bado?"

"Bado."

"Na huku bado."

Kabla hatujafika kwenye mbolea nikampa karatasi. Aliipokea kwa mkono mmoja, gunzi likiwa kwenye mkono mwingine. Aliitazama, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ni meli, baba. Meli ya mizigo, ya watu wa kale, huko Mediterania. Huko walikopita mitume."

"Meli ya mbao."

"Ya mbao."

"Wamekufa lini hawa?"

"Zaidi ya miaka elfu mbili."

Aliweka kidole gumba juu ya kigingi kwenye picha, akakaa hivyo. Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za ndugu, "Na wao walikosa misumari?"

"Hapana, baba. Walikuwa nayo, ya shaba. Wameitumia kwenye mbavu. Hapa kwenye ngozi hawakutaka."

Gunzi lilimtoka mkononi. Sijawahi kumwona baba yangu ameduwaa, hata kwenye msiba, lakini siku ile nilimwona. Alinitazama, akatazama karatasi, akanitazama tena.

"Walikuwa nayo," akasema. "Na bado wakafanya hivi."

Ndipo nikajua kitu ambacho sikuwahi kukiwaza. Baba yangu alikuwa ameishi maisha yake yote akiamini kwamba lile kasha ni aibu. Alikuwa kijana, anaoa, hana msumari hata mmoja wa kumtengenezea mkewe kitu cha maana, akajipatia njia kwa kuhangaika: kupachika ulimi, kuufunga kwa kigingi. Misumari iliporudi madukani alishukuru Mungu, akapigilia kama wenzake, na kasha akaliweka chumba cha nyuma wageni wasilione. Ufundi wa shida, aliuita. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akilifuta kila Jumamosi.

Niliona mlango umefunguka kidogo, nikaingia. "Baba, nisamehe kwa lile kasha."

"Kasha ni mbao," akasema, kama kawaida. Nilidhani amemaliza. Akaokota gunzi, akaliweka kwenye ungo, akaendelea. "We unafikiri nilikasirika kwa kasha? Nilikuona unaitoa nje ile kasha, nikasema, kumbe huyu kijana ana akili. Anataka amzike mama yake na mbao zake. Nilisimama pale mlangoni nikafurahi. Siku ile, na msiba ule, nikafurahi. Nikasema saa hizi ataanza kuchonga ndimi, na mimi nitakwenda kumshikia. Halafu nikasikia nyundo."

Nilitaka ardhi inimeze. Miaka mitatu nilikuwa naomba msamaha kwa kosa ambalo halikuwa kosa, na kosa lenyewe nilikuwa nimelipigilia kwa mkono wangu, msumari baada ya msumari, yeye akisikiliza kutoka kwenye migomba.

"Mbona hukuniambia, baba? Mbona hukunizuia?"

"Nilikuwa nalia, mwanangu. Mtu analia, atafundisha saa ngapi?"

Aliinuka, akaingia jikoni, nikamsikia akisogeza vitu juu ya kichanja, pale juu ya moto ambapo watu wa kwetu hukaushia mipini ya majembe. Alitoka na mzigo wa vijiti vyeusi kwa moshi, vimefungwa kwa kamba ya mgomba. Mzeituni wa porini, mgumu kama mfupa.

"Hivi aliweka mama yako. Kila akienda kuni mlimani anarudi na viwili vitatu. Nilimwambia misumari ipo siku hizi, mama watoto, acha. Hakuacha."

Kisha akanieleza, kwa maneno machache, kilichonishinda wiki tano. Ulimi lazima uwe mkavu kuliko ubao. Ubao uwe na unyevu kidogo, wa kawaida, lakini ulimi na kigingi viwe vimekaa juu ya moto mpaka visiwe na tone. Ukivipachika vinakunywa kutoka kwenye ubao, vinavimba humo ndani, vinajifunga vyenyewe. Mimi nilichonga vyote kutoka mti mmoja, vikasinyaa pamoja kwa upepo uleule. Jambo dogo kiasi hicho. Mama aliyeosha masufuria alilijua, nami mwenye mashine tatu sikulijua.

"Na huko kwenye meli," baba akauliza, "walikuwa na jiko la kuni?"

Nikamwambia sijui, tutamwuliza mwalimu. Akasema basi atakwenda kumwuliza mwenyewe.

Alikaa kwangu Iringa siku kumi na moja. Mashine hakutaka hata kuisikia. Ikiwashwa anatoka nje. Alichonga kila ulimi kwa patasi, akaupima kwa jicho, na kugonga aligonga kwa nyundo ya mti. Mlio wake mzito, wa chini, unajibu tofauti kadiri kigingi kinavyozama. Alinifundisha kuusikiliza, akinigusa bega pale kinapotosha. Ubao wa pili ukakaa juu ya wa kwanza, wa tatu juu ya wa pili, na ubavu ukaanza kupinda wenyewe kuelekea nje, bila kenchi yoyote ya kuushika. Nilipoona unapinda nilijisikia mjinga na mwenye furaha kwa pamoja. Upepo ulipita karakanani usiku na mchana, na asubuhi baba alitia ukucha kwenye miungo. Ukucha haukuingia.

Jambo moja tu lilinikera. Vile vijiti vya mama alivitoa kwa ubahili. Siku ya kwanza kabisa alivigawa mafungu mawili. Fungu moja akalitumia. Jingine akalifunga upya kwa kamba, akaliweka juu ya kabati la zana. Kuelekea mwisho vilituishia, ikabidi tukachukue mipini mikavu ya majembe jikoni kwa jirani, tuipasue.

"Baba, na vile vya juu ya kabati?"

"Vile vina kazi."

Nikacheka moyoni. Mzee ameanza uchoyo, nilisema, uzee umefika.

Mwalimu alikuja na wanafunzi wake na gari la wazi. Alimsalimu baba shikamoo, akazunguka ile kazi mara mbili. Kisha akamwomba mwanafunzi mmoja asimame nyuma ya ubavu ule na tochi ya simu, karakana tukaifunga madirisha. Mwanafunzi alipitisha tochi kwenye kila muungo, kutoka mwanzo hadi mwisho, nasi upande wa huku tukitazama. Hakuna mwanga uliopita, hata uzi. Dirisha lilipofunguliwa mwalimu alikuwa analia, na hakuona haya.

"Mzee," akamwambia baba, "wale wazee wa bandarini wangekuona, wangekuita mwenzao."

"Vigingi hivi vyeusi ni vya mti gani?" mwanafunzi mmoja akauliza.

"Ni vya mke wangu," baba akasema.

Wanafunzi walicheka, wakidhani ni utani wa wazee. Mwalimu hakucheka. Alitoa kompyuta yake akamwonyesha baba video ya ile meli pacha ikiwa baharini, tanga limejaa, mawimbi yanaigonga ubavuni. Baba aliomba airudie. Mara ya pili alisogea karibu kabisa na kioo.

"Inapinda," akasema.

"Ndiyo, mzee. Inapinda."

"Na haivunjiki. Ingekuwa misumari, ubao ungepasuka hapo." Alionyesha mahali kwa kidole. Kuhusu jiko la kuni mwalimu alisema hakuna aliyejua, hapakupatikana jiko, pengine walipika nchi kavu. Baba alitikisa kichwa kwa kuwasikitikia.

Gari lilipoondoka na kipande chetu nilichukua ufagio nikaanza kukusanya maranda. Ilikuwa kama saa kumi, jua limeingia mpaka katikati ya karakana. Nilikuwa na furaha kama ya mtu aliyepona. Baba aliniambia nilete tepu. Nikaileta, nikidhani anataka kupima mbao zilizobaki ili arudi nazo Uyole.

Alivua kofia, akaiweka kwenye jiliwa la kubania mbao. Akapanda juu ya meza ya kazi, taratibu, goti moja kwanza, akalala chali. Akanyoosha miguu, akaweka mikono ubavuni.

"Pima," akasema.

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, na tepu ikanitoka mkononi ikaanguka kwenye maranda. Nilimwambia baba, shuka. Nilimwambia tepu haishikwi kwa mtu aliye hai, wewe ndiye uliyenichapa kwa hilo.

"Najua nilichokufundisha," akasema akiwa ametazama dari. "Siku yenyewe utakuwa na haraka, kama siku ile. Mbao zitakwama Igawa. Watu watakuwa wanakutazama, na hasira zako unazijua. Pima leo, una akili. Mninga nimeshaagiza Chunya, wataleta hapahapa. Na vile vya juu ya kabati vinatosha, nimevihesabu."

Nilitazama juu ya kabati. Vilikuwa pale, vyeusi, vimefungwa kwa kamba ya mgomba, na mimi niliviita uchoyo.

"Kigingi nitakisikia," akasema. "Msumari nisiusikie."

Niliokota tepu. Niliweka ncha yake kwenye kisigino, nikaivuta mpaka utosini, nikarudia tena. Aliniuliza inasomaje. Nikamsogezea aisome mwenyewe. Akaisoma, akaniambia niandike, na nisisahau kuongeza inchi mbili kama tunavyoongezaga.